Nitapunguzaje gharama nikisafiri peke yangu katika nchi nisiyoijua?

Mwanagenzi

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Ninajiandaa kwa safari ya zaidi ya mwezi mmoja katika nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, ambako sijui lugha na sina ndugu wala jamaa wa kunipokea. Nitasafiri peke yangu, bila wakala na bila kikundi, kwa sababu bei za safari zinazopangwa na makampuni ziko mbali na uwezo wangu, na pia kwa sababu napenda kujiamulia niende wapi na nikae kwa muda gani. Fedha niliyonayo nimeidunduliza kwa muda mrefu, na ikiniishia huko hakuna mtu wa kunitumia nyingine kwa haraka.

Mpaka sasa nimechukua fedha yote nikaigawanya kwa idadi ya siku, nikapata kiasi cha kutumia kila siku. Nimeorodhesha miji saba ninayotaka kuiona. Ninachoshindwa kuamua ni mambo matatu. La kwanza, je, nibadilishe fedha yote kabla ya kuondoka ili niwe na uhakika, au nitegemee kadi ya benki nikifika? La pili, je, nilipie malazi yote mapema, au nitafute mahali pa kulala kila ninapofika? La tatu, ambalo ndilo kubwa kwangu, ni wapi panapofaa kubana matumizi, na ni wapi kubana kunageuka kuwa hasara? Nimesoma ushauri mwingi wa kula chakula cha bei nafuu na kutembea kwa miguu, na sina ubishi nao, lakini nadhani fedha nyingi zaidi hupotea mahali ambapo mgeni hapaoni. Naomba mnieleze kwa kina, hata kama maelezo yatakuwa marefu.

Karani wa Safari

Ndugu Mwanagenzi, hisia yako ni ya kweli. Fedha ya msafiri mgeni huvuja zaidi kwenye mipaka ya safari, yaani pale anapobadilisha sarafu, anapohama mji na anapofika usiku akiwa amechoka, kuliko kwenye sahani ya chakula. Wengine watakuja na habari za usafiri na malazi; mimi nitashughulika na fedha yenyewe.

Kwanza, hesabu ya kugawanya kila kitu kwa idadi ya siku ningekushauri uiache, kwa kuwa inachanganya fedha za aina tofauti. Tenga kando fedha inayotoka kabla hujaondoka: tiketi, viza, bima na chanjo. Tenga nauli za kutoka mji hadi mji, ambazo zinategemea umbali na wala hazitegemei siku. Kisha tenga akiba ya dharura ambayo hutaigusa kabisa, na ambayo kwa maoni yangu haipaswi kuwa chini ya bei ya tiketi ya kurudi nyumbani ukiinunua leo kwa ajili ya kesho, pamoja na malazi ya siku mbili tatu. Kinachobaki ndicho cha kugawanya kwa siku. Kiasi hicho kitakuwa kidogo kuliko ulichokipata mwanzo, lakini ni afadhali ukijue ukiwa nyumbani, wakati bado unaweza kupunguza siku au miji.

Katika fedha ya kabla ya safari kuna mitego miwili. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe bado na miezi 6 ya uhai, na nyingine hutaka kuona tiketi ya kutoka nchini humo; shirika la ndege likigundua upungufu huo pale kaunta, litakuzuia kupanda, na tiketi za bei nafuu kwa kawaida hazirudishiwi fedha. Mtego wa pili ni tovuti za kuombea viza ambazo zinafanana na za serikali lakini ni za madalali wanaoongeza ada yao juu ya ada halali. Ingia kupitia tovuti ya ubalozi au ya wizara husika, na uwe na mashaka na matangazo yanayotokea juu kabisa unapotafuta.

Sasa nije kwenye swali lako. Usibadilishe fedha yote kabla ya kuondoka. Kiwango utakachopewa kwa sarafu ya mbali mara nyingi ni kibaya, baadhi ya sarafu haziuzwi kihalali nje ya nchi zake, na kutembea na fedha yote mfukoni ni hatari isiyo na bima ya maana. Beba kiasi kidogo cha fedha taslimu ya sarafu kubwa inayokubalika popote, kama dola au yuro, kwa ajili ya siku ambayo kadi zitagoma. Noti ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa, na za matoleo mapya, maana katika nchi nyingi noti chakavu au za zamani hukataliwa au hupewa kiwango cha chini.

Ili ujue kama unapewa bei ya haki, tafuta mtandaoni kiwango cha kati, yaani kile kilicho katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza sarafu hiyo sokoni. Hakuna duka litakalokupa kiwango hicho, lakini ndicho kipimo chako. Duka linaloandika kwamba halitozi ada limeiweka faida yake ndani ya kiwango. Kwa hiyo usiulize ada ni kiasi gani, uliza, "Nikikupa mia moja, nitapokea ngapi mkononi?" Halafu linganisha na kipimo chako. Uwanja wa ndege ubadilishe kiasi cha kukufikisha kwenye malazi tu. Na stakabadhi uitunze, kwa sababu zipo nchi ambazo haziruhusu kubadilisha sarafu yao kurudi kwenye sarafu ya kigeni bila kuonyesha kwamba uliipata kihalali.

Kwa matumizi ya kila siku, ATM ya benki ndiyo njia nafuu kwa wasafiri wengi, ila ina makato ya aina tatu: ada ya benki yako kwa kila mara unapotoa fedha, ada ya mwenye mashine, na asilimia inayokatwa kwa muamala wa nje ya nchi, ambayo mara nyingi hufika hata 3. Kwa kuwa zile ada mbili za mwanzo kwa kawaida hazibadiliki utoe kingi au kidogo, ni afadhali kutoa kiasi cha kutosha siku kadhaa kuliko kutoa kidogo kila jioni. Nenda benki yako kabla ya safari ukaulize makato yote matatu, na ukigundua ni makubwa, una muda wa kufungua akaunti kwingine.

Kisha liko jambo moja ambalo natamani kila msafiri alifahamu. Ukishaingiza kadi na namba ya siri, mashine itakuonyesha kiasi unachotaka kutoa, na chini yake kiasi hichohicho kwa sarafu ya nyumbani kwenu, pamoja na maneno kwamba kiwango hicho kimehakikishwa. Kitufe cha kukubali mara nyingi ni kikubwa au cha kijani, na cha kukataa kimewekwa pembeni, wakati mwingine kwa maneno yanayomfanya mtu adhani kwamba akikataa atakosa fedha. Kataa. Ukikataa, fedha itatoka vilevile, na ubadilishaji utafanywa na mtandao wa kadi yako, kama Visa au Mastercard, pamoja na benki yako, ambao kiwango chao karibu kila mara ni bora kuliko cha mwenye mashine. Swali hilohilo utaliona kwenye vile vimashine vya kulipia hotelini na madukani, na pengine muuzaji atakubonyezea bila kukuuliza. Omba uone skrini mwenyewe, na uchague kulipa kwa sarafu ya nchi uliyopo. Tofauti inaweza kuwa asilimia kadhaa ya kila malipo, na kwa safari ndefu kama yako hilo ni pengo kubwa.

Kuhusu kadi zenyewe, beba mbili za benki tofauti na uziweke mahali tofauti. Kama una kadi ya mkopo, usiitumie kutolea fedha taslimu, maana kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku ileile na ada huongezwa juu yake. Itumie kwa amana: hoteli na wakodishaji wa magari huzuia kiasi fulani kwenye kadi mpaka uondoke, na kwa kadi ya kawaida fedha hiyo ni yako halisi, ambayo unaweza kukaa siku nyingi bila kuweza kuigusa.

Tembea Polepole

Nimesoma maelezo ya Karani na ninayaunga mkono. Mimi naomba tuzungumze kuhusu ile miji saba, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo tatizo kubwa la bajeti yako kuliko kitu kingine chochote ulichokitaja.

Tazama siku moja ya kuhama mji inavyokula fedha. Asubuhi unatoka kwenye malazi na mzigo, kwa hiyo unapanda teksi kwenda kituoni ingawa siku nyingine zote ungetembea au kupanda basi. Unalipa nauli ya safari. Unakula njiani kwa bei ya kituoni. Ukifika mapema kabla ya muda wa kupokewa, unalipia mahali pa kuhifadhi mizigo. Jioni hujui duka nafuu liko wapi wala basi gani linafika unakoelekea, kwa hiyo unanunua kile kilicho mbele ya macho yako kwa bei yoyote. Kesho yake unaanza kujifunza upya kila kitu ulichokuwa umeshakijua katika mji uliotoka. Zidisha hayo kwa kila mji, na utaona kwamba ukipunguza miji mitatu kwenye orodha utaokoa zaidi kuliko ukishinda njaa mwezi mzima.

Anayekaa mahali pamoja wiki nzima hupata faida ambazo mpita njia hazipati. Nyumba nyingi za wageni hupunguza bei kwa wiki au kwa mwezi, na mara nyingi punguzo hilo hutolewa kwa anayeuliza tu. Pasi za usafiri za wiki huanza kuwa na maana. Unaweza kununua mchele, mafuta na chumvi ukijua utavimaliza. Wauzaji wanaanza kukufahamu, na baada ya siku chache unajua bei halisi ya vitu bila kuambiwa na mtu. Hivyo ningechagua miji mitatu au minne iliyo kwenye mstari mmoja, ili usirudie njia, na ikiwezekana uingie nchini kupitia mji mmoja na kutoka kupitia mwingine. Tiketi ya namna hiyo inaweza kuonekana ghali kidogo, lakini linganisha bei yake na gharama ya kurudi ulikoanzia, pamoja na usiku mmoja wa ziada.

Kuhusu ndege za bei nafuu, usiiangalie bei ya tiketi peke yake. Jumlisha ada ya begi, ada ya kuchagua kiti kama huwezi kuikwepa, nauli ya kwenda kwenye uwanja ambao pengine uko mbali sana na mji unaotajwa kwenye tiketi, na teksi ya saa tisa za usiku wakati mabasi yamelala. Yapo mashirika yanayotoza ada nzito kwa abiria ambaye hakujisajili mtandaoni kabla ya kufika uwanjani. Pima begi lako nyumbani, vipimo vyote vitatu pamoja na uzito, maana begi likizidi ukiwa langoni, ada yake mara nyingi ni kubwa kuliko ungelilipia mapema.

Jihadhari pia na kununua tiketi mbili tofauti za kuunganisha safari. Bei huwa nzuri, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako na tiketi yako imepotea. Isitoshe, mara nyingi utalazimika kupitia uhamiaji kuchukua mzigo na kuusajili upya, jambo ambalo linaweza kuhitaji viza ya nchi ambayo hukupanga hata kuingia. Nikiona hakuna budi kufanya hivyo, mimi huacha usiku mzima katikati.

Mabasi na treni za usiku huokoa bei ya malazi, na nchi ikiwa na barabara na reli za kuaminika mimi huzitumia. Nauli za ndani ya mji zihesabu kabla ya kununua pasi: gawanya bei ya pasi kwa nauli ya safari moja, na kama huna hakika kwamba utapanda mara nyingi kuliko jibu hilo, lipa nauli za kawaida.

Neno la mwisho ni kuhusu majira. Bei za malazi na nauli hupanda msimu wa wageni, likizo za shule na sikukuu za kitaifa na za kidini za nchi hiyo. Mgeni huzisahau sikukuu za wenyeji kwa sababu hazimo kwenye kalenda ya kwao. Zitafute sasa hivi kabla ya kununua chochote. Wiki chache kabla au baada ya msimu mkuu ndizo zenye uwiano mzuri zaidi wa bei na hali ya hewa.

Mlango wa Pili

Naomba nitofautiane kwa heshima na Tembea Polepole kuhusu safari za usiku. Kwa msafiri mzoefu ni sawa, lakini Mwanagenzi yuko peke yake na hajui lugha. Asiyelala vizuri kwenye kiti hufika alfajiri akiwa hoi, chumba chake hakijawa tayari mpaka mchana, na katika hali hiyo ndipo mtu hukubali teksi ya kwanza inayomsimamia na chumba cha kwanza anachoonyeshwa. Kama utasafiri usiku, hakikisha unafika baada ya kucha, na uulize mapema kama wenyeji wako watakuruhusu kuacha mzigo na kuoga kabla ya chumba kuwa tayari. Wengi hukubali bila malipo wakiulizwa kwa adabu.

Kuhusu malazi, jibu langu ni kwamba ulipie mapema siku mbili au tatu za kwanza, na uwe na maelezo ya kufika hapo yakiwa yameandikwa kwa lugha ya wenyeji, pamoja na namba ya simu, kwenye karatasi. Simu huzimika. Baada ya hapo, weka nafasi zinazoruhusu kughairi bila malipo, na usome tarehe ya mwisho ya kughairi pamoja na saa, kwa sababu saa hiyo inaweza kuwa ya huko, isiwe ya kwenu. Kulipia mwezi mzima kabla hujaona mahali ni kujifunga: chumba kikiwa kibovu, au ukiupenda mji mwingine zaidi, utalipa mara mbili au utavumilia. Hata hivyo, kutembea mlango kwa mlango na begi mgongoni wakati wa sikukuu au tamasha kubwa sikushauri kabisa, maana wakati huo vyumba vilivyobaki ni vya bei ambayo hukuipanga.

Jifunze kusoma bei ya malazi. Angalia kama ni ya chumba au ya mtu mmoja, kama kodi imo ndani, na kama kuna kodi ya wageni inayolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku ukifika, pengine kwa fedha taslimu tu. Angalia ada ya usafi, ambayo kwa kukaa usiku mmoja inaweza kukaribia bei ya chumba chenyewe lakini kwa wiki nzima haiumizi. Katika hosteli, uliza kama shuka, taulo na kabati la kufungia vitu vinalipiwa. Ukishapata bei kamili, mpigie mwenye nyumba au mwandikie moja kwa moja. Kwa kuwa mitandao ya kuweka nafasi humkata kamisheni, mara nyingine atakupunguzia, hasa ukikaa siku nyingi. Usimtumie fedha mtu usiyemjua nje ya mtandao huo kabla hujafika, hata akikuahidi punguzo gani.

Chukua mfano wa vyumba viwili. Cha kwanza kiko pembezoni na bei yake ni robo tatu ya cha pili, ambacho kiko karibu na kituo kikuu. Kwa kuangalia bei tu, cha kwanza kimeshinda. Sasa ongeza nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na ya mara ya pili siku ukisahau kitu. Ongeza ile jioni ambayo basi la mwisho limeondoka na ukalazimika kuchukua teksi. Ongeza chakula cha mchana unachokula nje kwa sababu huwezi kurudi kupika. Mara nyingi ile robo imekwisha kabla ya siku ya nne. Lakini kama cha pembezoni kina jiko na kiko hatua chache kutoka kituo cha treni inayotembea mpaka usiku, hesabu inageuka. Ndiyo maana mimi huchagua malazi nikiwa na ramani wazi, na hutafuta mambo mawili kabla ya kuangalia picha: kituo cha usafiri na soko.

Kwenye teksi, uliza bei ya kawaida kwa mtu ambaye hana faida yoyote katika jibu lake, kama mhudumu wa maktaba au abiria mwenzako ndani ya ndege. Patana kabla hujaweka mzigo kwenye buti, kwa sababu mzigo ukishaingia wewe ndiwe mwenye haraka. Na uwe na noti ndogo, maana asiye na chenji huacha chenji.

Mwanagenzi

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimefuta miji mitatu leo hii na sioni uchungu wowote. Naomba niulize mambo mawili zaidi. Je, bima ya safari ni kitu ninachoweza kukiacha, kwa kuwa nina afya njema na bei yake inalingana na malazi ya siku kadhaa? Na simu niifanyeje? Naogopa bili ya mtandao wa nyumbani, lakini naogopa zaidi kupotea.

Zamu ya Usiku

Bima usiiache. Nafanya kazi wodini, na kwa hili naomba unisikilize hata kama mengine yote utayaamua kwa njia yako. Mguu uliovunjika, upasuaji wa kidole tumbo au siku chache kwenye chumba cha wagonjwa mahututi katika nchi ambayo wewe si raia vinaweza kumaliza akiba ya familia nzima, na ndege ya kumrudisha mgonjwa kwao akiwa amelazwa, pamoja na muuguzi, ni ghali kupita tiketi yoyote unayoweza kuifikiria. Hospitali nyingi hutaka uthibitisho wa malipo kabla ya tiba isiyo ya dharura kubwa.

Kinachowezekana ni kununua bima kwa akili. Chukua yenye kiwango kikubwa cha matibabu na cha kurudishwa nyumbani, na upunguze bei kwa kuacha vipengele vya mizigo na vifaa ambavyo huna. Kiasi utakachotakiwa kulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa kikiwa kikubwa, bei ya bima hushuka. Kipandishe mpaka pale ambapo ungeweza kulipa kutoka kwenye akiba yako ya dharura, usivuke hapo. Soma orodha ya yasiyolipwa: ugonjwa uliokuwa nao kabla, ajali ya mlevi, michezo ya hatari na, zaidi ya yote, pikipiki. Wageni wengi hukodi pikipiki kwa sababu ni nafuu, bila leseni ya kuiendesha, na bima hukataa madai yao. Leseni ya kimataifa ya udereva ina maana ikiambatana na leseni halali ya kwenu ya chombo hichohicho, na hutolewa na taasisi iliyoidhinishwa katika nchi iliyokupa leseni. Zile zinazouzwa na tovuti zisizo na idhini ni karatasi tupu. Mikataba yake ni zaidi ya mmoja, wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968, na nchi hazikubali yote miwili kwa usawa, kwa hiyo uliza unakokwenda wanatambua upi kabla ya kulipia.

Ukiugua, piga namba ya dharura ya bima kabla ya kulazwa ikiwa hali inaruhusu, kwa sababu baadhi ya bima hukataa gharama kubwa ambazo hazikuidhinishwa. Tunza risiti na ripoti ya daktari. Ukiibiwa, pata ripoti ya polisi haraka; mikataba mingi ya bima hutoa saa 24 tu.

Kuna fedha nyingine inayopotea bure kwenye chanjo. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo anayechelewa hulazimika kuahirisha safari. Lakini tangu Julai 2016, kwa kanuni za kimataifa za afya, cheti hicho ni cha maisha, hata kama kwenye karatasi kimeandikwa miaka 10. Kama una cha zamani, usilipie kingine, kitafute kabatini.

Na mzigo ukiharibika au kuchelewa kwenye ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao umeridhiwa na nchi nyingi, unakupa haki ya kudai fidia kwa maandishi. Muda ni mfupi: siku 7 tangu upokee mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu upokee uliochelewa. Toa taarifa kaunta ya mizigo kabla ya kutoka uwanjani, omba namba ya kumbukumbu, na utunze risiti za nguo na vitu vya lazima ulivyonunua ukisubiri. Kama unatumia dawa kila siku, beba za safari nzima na za ziada kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la kitaalamu la dawa, kwa sababu jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Uliza pia kama dawa hiyo inaruhusiwa huko.

Karani wa Safari

Nimalizie habari ya simu. Zima data ya nje ya nchi kwenye mipangilio kabla ndege haijaruka, maana simu ikitua hutafuta mtandao na kuanza kupakua barua, picha na masasisho bila kukuuliza. Ukiwa bado nyumbani kwenye intaneti yako, pakua ramani za miji yako yote minne ili zifanye kazi bila mtandao, pamoja na faili za lugha katika programu ya kutafsiri. Ramani hizo huonyesha ulipo kwa kutumia setilaiti, bila kuhitaji bando, kwa hiyo hofu ya kupotea utakuwa umeipunguza bila gharama yoyote.

Laini ya huko nunua mjini kwenye duka la kampuni yenyewe, kwa sababu vifurushi vya watalii uwanjani mara nyingi huwa na data nyingi kuliko utakayoitumia, na bei yake ni hiyo. Nenda na pasipoti, kwani nchi nyingi hudai usajili. Kabla ya hapo hakikisha simu yako haijafungwa kwa mtandao mmoja.

Sasa jambo ambalo watu hulikumbuka wakiwa tayari wamekwama: benki nyingi hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani. Ukiitoa laini hiyo na kuweka ya huko, malipo ya mtandaoni yatakataliwa, na hata kuingia kwenye akaunti kunaweza kushindikana. Kama simu yako inabeba laini mbili, iache ya nyumbani ikiwa hai kwa ujumbe tu na data yake imezimwa. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje mara nyingi hakutozwi, lakini uthibitishe na kampuni yako. Kama inabeba moja, uliza benki iwapo inatoa uthibitisho kupitia programu yake, uiwashe wiki hii, na ufanye malipo madogo ya majaribio ukiwa umeitoa laini ya nyumbani kwenye simu. Yakikubali, uko tayari. Yakikataa, bado una muda wa kwenda kwenye tawi ukiwa na kitambulisho chako na kuzungumza na mtu kwa lugha yako.